Mafagio ya Darasa la Muziki

Jumatatu, 6 Mei

Leo Prefe David, mkuu wetu wa shule, ametuita ofisini sisi watatu: mimi, Firmin, mwalimu wa muziki; Papa Ulrich wa useremala; na Maman Euphrasie wa uchoraji. Chumba cha chini, kile kilichokuwa stoo ya mahindi enzi za bweni, kimeezekwa upya. Hatimaye! Miaka yote tumefundisha barazani kwa zamu, mvua ikitufukuza kama mbuzi.

Nilitaka kupiga makofi. Prefe akasema nisubiri. Chumba ni kimoja. Jumamosi ya wiki ijayo komite ya wazazi itakuja, ikiongozwa na Maman Martine, yule mwenye duka la vitenge. Kila darasa litaonyesha kazi yake. Litakalompendeza litapewa chumba. Mengine mawili yatafutwa, na saa zake zitakwenda kwa hisabati.

Yatafutwa! Muziki ukifutwa nitarudishwa kwenye jiografia. Wanafunzi bado wanakumbuka siku niliyoiweka Shabunda, mji wa katikati ya msitu, ufukweni mwa ziwa. Na kuna jambo jingine, ambalo naliandika hapa tu: darasa langu likipata sauti nne kwa pamoja, hata kwa pumzi moja, nasahau njaa. Sitaki kuishi bila hilo.

Basi lazima nishinde. Mpango nimeshaupata. Ni mzuri kupita kiasi.

Jumanne, 7 Mei

Mpango wenyewe. Tuna ngoma moja na gitaa lenye nyuzi tatu. Hayo hayatamshtua Maman Martine. Lakini kila mwanafunzi akitengeneza chombo chake, marimba, kayamba, filimbi, tutakuwa orkestra nzima. Ulrich na Euphrasie watabaki midomo wazi.

Siri ndiyo kila kitu. Wanafunzi wakijua, kesho yake Ulrich anajua. Kwa hiyo nimewaambia hivi tu: Ijumaa, kazi ya mikono. Kila mmoja alete kitu alichotengeneza mwenyewe. Asimwambie mtu. Muziki sikuutaja. Kwa nini niutaje? Mimi si mwalimu wa muziki?

Héritier, kiranja wa darasa, akauliza kama ni kile cha siku zote. Nikamkonyeza. Nikasema ndiyo, ila kizuri zaidi. Darasa zima likatikisa kichwa. Vijana wepesi hawa!

Jumatano, 8 Mei

Nimepeleleza. Wanafunzi wa Ulrich wanatengeneza benchi refu bila msumari hata mmoja. Walipotoka nikalikalia ili livunjike. Halikuvunjika. Nikapanda juu, nikarukaruka. Ulrich akanikuta hapo. Nikasema nalipima.

Kwa kuwa nilikuwa tayari juu ya benchi, nikaona nipendekeze muungano. Yeye anirekebishie gitaa, mimi nimsifu kwa Maman Martine, kisha sote wawili tummalize Euphrasie. Ulrich ni mtu wa maneno machache. Akaendelea kupiga randa, halafu akasema, "Prof, mbao haijuake politike."

Lakini gitaa alilichukua. Nadhani amekubali.

Alhamisi, 9 Mei

Zamu ya Euphrasie. Wanafunzi wake wanachora ziwa kwenye mbao kubwa: mitumbwi, kisiwa cha Idjwi kwa mbali, nguo zimeanikwa kwenye nyumba za Nguba. Inapendeza. Imeniuma. Nikalileta darasa langu nyuma ya migongo yao, tukaimba kwa nguvu zote, zile nota za juu hasa, ili mikono iwatetemeke.

Wamemaliza mapema. Euphrasie amekuja kunishukuru, eti nyimbo zimewatia kasi, na je, naweza kurudi kesho? Kisha akatabasamu na kuongeza kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Nadhani alikuwa anasifu ngoma yetu.

Ijumaa, 10 Mei

Mafagio.

Kila mwanafunzi, fagio. Ya majani, ya vijiti, mafupi, marefu, yamejaa baraza. Charlène ameleta mawili, la pili kwa niaba ya mdogo wake mwenye malaria, ambaye hata si mwanafunzi wangu. La Dany bado lina kamba ya wauzaji wa soko la Kadutu.

Nikauliza polepole hiki ni nini. Héritier akashangaa mimi kushangaa. Si kazi ya mikono? Si kile cha siku zote? Na kweli, nani hajui? Tangu darasa la kwanza, mwalimu akisema kazi ya mikono, mtoto analeta fagio, mama yake amelinunua sokoni, mwalimu anatoa pointi, shule inafagiwa. Hivyo ndivyo tulivyokua sote katika mji huu.

Nilikaribia kulia. Hapo Prefe akapita, akayaona. Akanipongeza mbele ya darasa: hatimaye, mwalimu aliyelifikiria vumbi la chumba kipya! Nikainamisha kichwa, nikapokea. Sifa haitupwi.

Jumapili, 12 Mei

Mpango wa pili. Baada ya misa nimemshika Papa Gentil, kiongozi wa kwaya ya parokia, nimwombe piano yao ya umeme. Akakataa. Nikamwambia kwamba Maman Martine anaipenda mno kwaya yake, na anafikiria kuishonea sare za kitenge. Sijui kama anafikiria. Lakini anaweza kufikiria.

Piano nitaipata. Gentil mwenyewe atakuja nayo, ili ailinde na mvua.

Jumatano, 15 Mei

Prefe ameagiza chumba kifagiwe, na kwa kuwa mafagio ni yetu, tufagie sisi. Katika saa zangu za mazoezi! Nikawapa kazi wanafunzi, nikapanda juu kujizoeza kuinua mikono mbele ya kioo cha sekretari.

Nikasikia kitu kutoka chini. Shwaa, shwaa, tak. Shwaa, shwaa, tak. Ni Merveille, binti mpole anayekaa nyuma kabisa. Amewapanga: wa majani wanafagia, wa vijiti wanagonga saruji kwa mpini, na juu yake wimbo wa kupalilia ambao bibi yake huimba shambani huko Nyangezi. Nikasimama ngazini. Nilifurahi mpaka nywele zikanisimama.

Kisha nikakumbuka kwamba Jumamosi imekaribia. Nikashuka, nikawaambia waache mchezo na wafagie kimya. Muziki ni jambo zito.

Jumamosi, 18 Mei

Niandike taratibu.

Nilikuwa nimemwomba Prefe niwe wa mwisho, wageni wakishachoka kutazama mbao na rangi. Benchi la Ulrich: komite nzima ililikalia, na hakuna aliyetaka kuinuka. Picha ya Euphrasie: Maman Martine aliiona nyumba ya dada yake, akaigusa kwa kidole, akacheka peke yake. Ikafika zamu yangu. Nikakaa kwenye piano. Nikainua mikono kama mbele ya kioo.

Umeme ukakatika.

Nikasema utarudi sasa hivi. Haukurudi. Nikaagiza tuimbe hivyo hivyo. Mvua ikaanza kupiga bati. Watoto walifungua midomo na hatukusikia hata neno moja. Papa Gentil akaona ni wakati mzuri wa kumshukuru Maman Martine kwa zile sare. Maman Martine akauliza sare gani. Nikatazama dari.

Mkoba ulikuwa tayari begani mwa Maman Martine. Akaniuliza, kwa sauti ya kushinda mvua, wanafunzi wangu wametengeneza nini kwa mikono yao. Niliona saa zangu zikienda kwa hisabati, zile sauti nne zikienda nazo, na moyo ukaniuma kweli. Nikageukia ukuta ili wasinione uso. Ukutani kulikuwa na mafagio.

Merveille hakunisubiri. Akachukua lake. Héritier akafuata, kisha darasa zima. Mvua ilimeza shwaa zao zote, basi mvua yenyewe ikawa shwaa, wao wakabaki na tak. Wanafunzi wa useremala wakaingia na nyundo za mbao juu ya benchi. Wa uchoraji wakashika makopo ya rangi. Ulrich, yule bubu, akapiga mluzi! Wimbo ulisikika tu pale mwisho wa mstari, walipoupaza kwa pamoja, na mama mmoja wa komite akauitikia kwa Kimashi. Maman Martine akaweka mkoba chini na kumnyang'anya Dany fagio lake. Anagonga vizuri kuliko Dany.

Ilipokwisha, Prefe akataka kujua ni darasa gani limeshinda. Maman Martine alikuwa bado anahema.

"Prefe, hii chumba iko ya batoto bote," akasema. "Juu ya nini munaigawanya?"

Komite ikakubali palepale. Hakuna darasa litakalofutwa. Tutakitumia sote watatu, kwa zamu, na hisabati itabaki na saa zake.

Nikalia. Nikasema ni vumbi limeniingia machoni. Euphrasie akanikumbusha kwamba chumba kimefagiwa.

Jumatatu, 20 Mei

Prefe ameniuliza wazo la mafagio lilitoka kwa nani. Nikamwambia ni mbinu niliyoipika muda mrefu, hatua kwa hatua. Merveille alikuwa amesimama karibu. Alinitazama, akacheka, akaenda zake. Mtoto mwenye heshima. Papa Gentil bado hanisalimu, lakini hilo litapita. Ulrich amerudisha gitaa. Lina nyuzi zote sita, na hajataka asante.

Nimetafakari mambo yote, na somo liko wazi: siri inalipa. Ningewaeleza watoto kila kitu, leo tungekuwa wapi?

Sasa naitazama siku ya kutangaza matokeo ya mwaka. Wazazi wote watakuja. Chumba ni cha sote, sawa. Lakini ndani yake kuna kabati moja tu lenye kufuli, na Euphrasie ameanza kulitazama. Mpango wangu uko tayari. Orkestra kamili: marimba, kayamba, filimbi. Asubuhi nimeliambia darasa: kazi ya mikono, kila mmoja alete kitu alichotengeneza mwenyewe, asimwambie mtu. Héritier akauliza kama ni kile cha siku zote. Nikamkonyeza. Safari hii amenielewa, nimeona machoni mwake.

Nilipotoka nikamkuta Ulrich anapigilia ubao mrefu kando ya mlango, wenye vigingi vingi mno. Euphrasie alikuwa anaupaka rangi ya bluu. Nikauliza ni wa kutundikia nini.

"Tutaona, Prof," Ulrich akasema.

Makoti, nadhani.