Matanga ya Mkono wa Kushoto

Jumatatu, 5 Machi 1951
Mtihani wa mkono ni Ijumaa. Sista Bertila kasema kila mwanafunzi wa udresa, sisi tunaosomea kuhudumia wagonjwa hapa hospitalini, ataje mifupa yote, bega mpaka vidole, na mishipa ya fahamu pia. Atakayeshindwa arudi kwao. Kwetu ni Goweko, na baba ameshanichongea mpini wa jembe. Kifundo cha mkono peke yake kina vifupa vinane. Mungu angepunguza viwili, nani angelalamika?

Jumanne, 6 Machi
Nimepata akili. Majina yote nimeyaandika kwa wino kwenye mkono wa kushoto, kisha nikaufunga bendeji. Siku ya mtihani nitailegeza kidogo, kama mtu anayewashwa. Sista nimemwambia nimeanguka na baiskeli. Baiskeli yenyewe sina.

Jumatano, 7 Machi
Shomari huyu! Mzaramo, mtani wa sisi watu wa Goweko. Babu zetu walitaniana tangu enzi za misafara ya Bagamoyo. Kaingia bwenini akilia, katangaza mkono wangu umekufa, kawakalisha wenzetu matanga. Kisha akadai haki ya mtani msibani: akabeba daftari langu la mifupa. Mtani hanuniwi. Nikacheka, huku natamani kumng'ata. Akataka na kuchungulia bendeji. Nimeikaza juu ya kiwiko kwa nguvu zangu zote, asiingize hata kidole.

Alhamisi, 8 Machi
Vidole vina ganzi. Wasiwasi wa mtihani tu. Nimekaza zaidi.

Ijumaa, 9 Machi
Kiganja kinaning'inia. Nakiambia inuka, hakiinuki. Mgonjwa wa kuchunguzwa kwenye mtihani hakutokea, Sista akaninyooshea kidole, akasema si neno, Sylvester yupo. Akamwita Shomari anichunguze. Bendeji ikafunguliwa mbele ya darasa zima. Jasho lilikuwa limeyeyusha wino, mkono wote buluu. Yaliyosomeka ni maneno mawili tu, niliyoyaandika karibu na kiwiko: Mungu nisaidie.
Shomari akaeleza bila kusita kwamba mshipa wa fahamu unaozunguka nyuma ya mfupa wa juu ya kiwiko umebanwa na bendeji, ndiyo maana kiganja kimelegea, na utapona baada ya wiki kadhaa. Kila neno limetoka daftarini mwangu. Amefaulu. Mimi nimetaja vifupa vitatu kati ya vinane. Sista kaniambia nifunge mizigo. Nimelia, sitaficha.

Jumamosi, 10 Machi
Shomari kaenda kwa Sista, kamwambia maiti ya mtani wake haisafirishwi kabla ya arobaini. Sista kacheka, mara ya kwanza tangu Kwaresima ianze. Nibaki mpaka mkono upone, nirudie mtihani mwezi ujao pamoja na ule wa mguu. Shomari amenirudishia daftari, anataka tusome wote kila jioni. Nimemshukuru kwa moyo wote.
Ila nimefikiri sana. Kosa lilikuwa la wino. Fundi cherehani wa sokoni ana kalamu ya kuchorea vitambaa, haifutiki hata kwa sabuni. Na mguu una nafasi kubwa kuliko mkono. Nimeshaanza kuchechemea.