Marehemu Aliyenenepa Kwenye Kompyuta Yangu

Jumatatu, 3 Juni

Bi Kimya amekuja dukani. Mwenyewe, kwa miguu yake! Miaka thelathini na miwili tangu anifundishe darasa la sita, na bado nilisimama wima na kuficha viganja nyuma. Mimi, baba wa watoto watatu! Mke wangu, ambaye cherehani yake iko upande wa mbele na kompyuta yangu upande wa nyuma, alicheka hadi uzi ukakatika.

Jumamosi anatimiza miaka themanini. Wanawe wamemwandalia sherehe ukumbini. Anataka video: salamu za watoto na wajukuu, na katikati niingize mkanda wa zamani ambamo marehemu mumewe anazungumza dakika mbili. Sauti yake haikubaki mahali pengine popote duniani. Akaniwekea mkanda mkononi, akasema nikiuharibu atajua. Hakusema atafanya nini. Hajawahi kusema atafanya nini. Ndiyo maana tulimwita Bi Kimya.



Jumanne, 4 Juni

Nimewarekodi watoto na wajukuu kwa kamera yangu mpya ya HD. Picha kali! Unaweza kuhesabu nyusi.

Kisha nikauingiza mkanda kwenye kompyuta. Yarabi! Picha ya zamani karibu mraba, skrini ya siku hizi pana kama mkeka. Marehemu kakaa katikati kama stempu kwenye bahasha, weusi kushoto, weusi kulia. Nikamkuza. Skrini ikajaa, lakini kipaji cha uso kikatoka nje. Nani atamwonyesha Bi Kimya mume asiye na kipaji?

Ndipo nikapata akili. Nikashika picha pembeni, nikaivuta kushoto na kulia. Imejaa! Nikajipongeza kwa chai.

Kurudi, marehemu ana mashavu. Shingo haipo. Mtu aliyekuwa mwembamba kama ufito sasa anabana kwenye koti. Nimemnenepesha marehemu!

Nimeihifadhi hivyo hivyo. Faili nimeliita MWISHO.

Jumatano, 5 Juni

Binti yake Bi Kimya kapita kuangalia kazi. Ni mkunga, na macho kayachukua kwa mama yake. Nimeitupia kompyuta kitenge cha mteja, nikamwambia imepata joto, inapumzika. Akatazama kitenge, akanitazama mimi. Atarudi Ijumaa.

Mbinu mpya. Tatizo si ukungu wa mkanda wa zamani. Tatizo ni kwamba picha mpya zinang'aa mno, zinamuumbua mzee. Basi nizififishe zote! Wakifanana ubaya, nani atajua? Nimeshusha ubora mpaka mjukuu mmoja akapoteza pua. Faili: MWISHO WA MWISHO.

Nimetazama tena. Sasa kila mtu ana ukungu, na marehemu bado ni mnene.

Alhamisi, 6 Juni

Shemeji kaja. Kaka yake mke wangu. Anahariri picha kituo cha televisheni na anatembea kana kwamba kamera ilivumbuliwa jikoni kwa mama yao. Sikumwita mimi. Namjua aliyemwita.

Kaangalia sekunde tatu. Kaniambia mtu si mpira wa manati hata umvute. Kaniambia pia nisiharibu picha nzuri ili kuifurahisha mbovu. Mkanda wa zamani niuache na umbo lake katikati, halafu pembeni nijaze picha ile ile iliyokuzwa na kufifishwa. Jicho litakwenda usoni, halitaona pengo.

Nikamwambia ndivyo nilivyokuwa nataka kufanya. Mke wangu akakohoa.

Alipoondoka nikafanya. Imependeza. Inaniuma jinsi ilivyopendeza. Faili: MWISHO KABISA.

Ijumaa, 7 Juni

Mkunga kaiona. Kalia, kanishika mkono, kachukua mkanda wake. Nikamweleza kirefu jinsi nilivyoigundua mbinu ile. Cherehani ikakohoa.

Lakini kesho watu mia mbili! Mafaili yote yako kwenye flashi moja. Nimekwenda chooni mara tano.

Jumamosi, 8 Juni



Mchana, mapazia yamefungwa, projekta tayari. Bi Kimya kiti cha mbele. Nikabonyeza. Salamu zikapita, pua zote zipo. Nikashusha pumzi.

Kisha akatokea marehemu. Mashavu! Mnene ukuta mzima! Nilikuwa nimefungua MWISHO.

Nilitaka kuchomoa waya wa umeme. Waya ulipita chini ya kiti cha Bi Kimya. Mkunga akageuka, akanitazama kama anavyomtazama mjamzito aliyekuja hospitali siku tatu baada ya uchungu kuanza. Jasho likaingia hadi kwenye soksi.

Ila sauti haivutiki. Ilikuwa sauti yake. Alimwambia mkewe aache kusahihisha madaftari kwenye mwanga hafifu, macho hayauzwi dukani.

Bi Kimya akainuka, akaenda hadi ukutani. Picha ikamwangukia mgongoni. Akasimama hapo mpaka ilipokwisha. Halafu akaniita kwa kidole kimoja.

Nilikwenda. Viganja nyuma.

"Umemvuta," akasema. "Sivyo?"

Nikasema ndiyo, mwalimu.

"Hata insha zako ulikuwa unazivuta. Maneno kumi, ukurasa mzima." Macho yake yalikuwa yamelowa, nikaogopa kuliko wakati wowote. "Mkanda ule tuliurekodi mwaka wa mwisho wa ugonjwa wake. Alikataa hata uji. Nilimbembeleza kwa kijiko kama mtoto. Leo nimemwona ameshiba."

Viganja vikatoka nyuma vyenyewe.

"Jumanne nitakuja kumchukua yule mwembamba," akasema. "Nataka wote wawili."

Jumapili, 9 Juni

Nimeamka mtu mpya! Kumbe sikukosea. Nina kipaji! Nimempigia shemeji kumwambia kuvuta ni sanaa. Kakata simu.

Kompyuta imejaa, flashi nayo imejaa. Nimefuta kote mafaili yasiyo na maana, nakala ya kwanza ya mkanda na MWISHO KABISA yakiwemo. Nani anahitaji kazi ya shemeji wakati yangu inaliza watu?

Jumatatu, 10 Juni

Yule mwembamba! Nimemfuta yule mwembamba!

Mke wangu kasema nimwombe mkunga ule mkanda, au nimpigie shemeji. Bora nife. Nitachukua mnene nimbane mwenyewe, kwa jicho tu. Kazi ya dakika mbili.

Jumanne, 11 Juni

Nimembana mno, kawa uzi. Nikamwachia kidogo, akaota kichwa cha boga. Nikamvuta kwenda juu kusawazisha, sasa ni mrefu kuliko mlango alioegemea. Ikibidi nitasema huyu ni mdogo wake marehemu.

Mlango wa mbele umegongwa. Mara tatu, taratibu. Nimejificha nyuma ya pazia la kujaribia nguo, naandika magotini. Nimemnong'oneza mke wangu aseme nimefariki.

Kasema.

Nasikia kiti kikivutwa. Bi Kimya kasema pole sana, na kwamba atamsubiri marehemu hapo hapo.