Posa Niliyoikataa kwa Nia Njema

Jumatatu, 2 Septemba

Posa imeletwa leo baada ya Alasiri. Mjomba wa kijana na jirani yao mmoja, mavazi yamepigwa pasi hadi mikunjo inakata. Anayeposwa ni kitindamimba wangu, ambaye kazi yake ni kukata vioo vya miwani. Anayeposa ni fundi lifti. Mtulivu. Anasali kwa wakati. Anamtunza mama yake. Nimemchunguza wiki nzima, sikuona doa.

Hapo ndipo hofu iliponiingia.

Nikauliza walikutana wapi. Mjomba akasema kijana alikwenda dukani kwa binti yangu kurekebisha mkono wa miwani. Akapanga foleni. Akahudumiwa. Akashukuru. Mwezi uliofuata akamtuma mama yake kuleta neno. Basi! Hakuna aliyemgonga mwenziwe, karatasi zikatawanyika. Hakuna aliyepoteza kumbukumbu. Hata ndugu pacha hakuna.

Huu ni mwaka wa tatu ninaitazama tamthilia ya saa nane mchana. Sehemu mia sita na kumi na mbili, sikukosa ila siku niliyong'olewa jino. Wapo wanaonong'ona kwamba haimpasi mtu aliyesomesha dini miaka thelathini na minane. Na wanong'one. Mimi natazama kwa ajili ya ibra, na ibra iko wazi kama jua la saa sita: penzi lisilowekewa kizuizi halifiki mbali. Waliokubaliwa mara moja katika sehemu ya tano, kufikia ya thelathini mmoja alikuwa gerezani na mwingine ameolewa na hakimu. Bali tajiri wa viwanda na muuza maua, waliokataliwa na baba mara nne, wanapendana hadi leo, ingawa tajiri kwa sasa yumo hospitali, hajitambui.

Mimi ndiye walii wa kumwozesha. Neno ni langu. Kijana huyu nampenda kwa dhati. Kwa hiyo nimemkataa.

Nimewaambia wageni kwamba posa haikupokelewa na sababu nimezihifadhi. Mjomba alinitolea macho. Jirani alikisimamisha kikombe cha chai nusu ya safari. Nyuma ya pazia, mke wangu ameangusha kitu chenye sauti ya sinia.

Binti yangu amekuja kuniuliza kuna nini. Nimemwambia asubiri. Siri ya baba haifichuliwi katika sehemu za mwanzo.

Jumanne, 3 Septemba

Nimekaa kibarazani tangu asubuhi, kiti nimekielekeza langoni, uso nimeukunja kama nilivyojizoeza mbele ya kioo. Kijana alitakiwa aje mwenyewe, asimame hapo, aseme kwamba hataondoka hata mbingu zishuke.

Hakuja. Umekuja ujumbe wa simu. Ananiamkia. Ameupokea uamuzi wangu kwa heshima. Ananiombea afya. Kisha, neno la mwisho: asante kwa chai.

Lahaula! Mpenzi gani huyu anayeshukuru chai?

Nimekwenda kwa Karani kutafuta faraja. Huyu ni rafiki yangu, karani mstaafu wa mahakama, mtu mwema mwenye kasoro moja: anadharau tamthilia. Yeye ni wa zile filamu za mapenzi za kuchekesha, zinazoanza kwa kahawa kumwagikia shati na kuisha kwa mtu kukimbia mvuani. Anadai kwamba filamu inamaliza kabla ya Alasiri jambo ambalo tamthilia yangu inalichelewesha miaka mitatu. Nikamjibu kwamba hata uji unaiva upesi, lakini hauitwi karamu.

Akasema nisihangaike, kijana atakuja mbio Alhamisi, amelowa. Nikamwambia huu si mwezi wa mvua. Akasema mvua hupatikana.

Mke wangu hasemi nami. Chakula kinawekwa mezani kama anachowekewa mpangaji.

Alhamisi, 5 Septemba

Jua kali. Hakuna aliyelowa. Nimemtumia Karani salamu za pole.

Hatua ya pili, basi: mshindani. Katika tamthilia aliyekataliwa huzinduka anaposikia kuna mwingine. Jana nilikwenda kwa kinyozi, mtu ambaye ukimpa siri saa tatu, saa nne inakukuta sokoni. Nikamwambia kwamba huenda, nasisitiza huenda, yupo daktari wa moyo anayemfikiria binti yangu. Sikusema uongo. Madaktari wa moyo ni wengi duniani, na sijui wanafikiria nini.

Leo kabla ya Adhuhuri wamefika majirani watano kumpongeza mke wangu. Mmoja aliuliza kama daktari anaweza kumtazama na miguu. Mke wangu akanigeukia mbele yao wote.

"Daktari yupi, mzee?"

Nikasema ilikuwa namna ya kusema.

"Namna ya kusema ina gari refu jeusi? Maana hawa wanajua hadi rangi!"

Gari sikulitaja. Hiyo ni kazi ya kinyozi, na nakiri amefanya vizuri.

Ujumbe wa kijana umefika saa kumi. Amesikia habari za kheri. Anamwombea binti yangu maisha mema na daktari. Ananiamkia tena! Sijapata kuona mtu mgumu wa kuudhika kiasi hiki.

Binti yangu amekata kioo vibaya kazini, mara ya kwanza katika miaka sita. Macho yamemvimba. Hakula. Nimesimama mlangoni pa chumba chake, mkono umeinuka kubisha, kisha nikaushusha. Moyo uliniuma, sifichi. Lakini sehemu hii siku zote ni ya machozi. Anayezima televisheni katika sehemu ya machozi hajui kutazama.

Jumamosi, 7 Septemba

Naandika hali viungo vinaniuma.

Rai ilikuwa ya Karani. Alisema katika filamu zake, wawili wakikwama ndani ya lifti hutoka wameshapatana. Nikamwambia hiyo ni njia ya mkato, ya watu wasio na subira. Nikaikubali, kwa kuwa sikuwa na nyingine.

Duka la miwani liko ghorofa ya tatu, na lifti ya jengo lile anaihudumia kijana wetu. Mpango: tuingie na binti yangu anapotoka kwenda kula, tushuke ghorofa ya pili, na Karani abonyeze kitufe chekundu cha kuisimamisha wakati wa kutoka. Binti angebaki amekwama, kijana angeitwa, na sisi tungesikiliza ngazini.

Saa saba na nusu tukaingia. Binti yangu akatutazama, akauliza tumefuata nini. Nikasema macho. Akatuambia, kwa adabu, kwamba yeye hutumia ngazi. Milango ikajifunga. Na Karani, ambaye alikuwa ameihifadhi sehemu yake kwa moyo, akabonyeza.

Kiza. Jasho. Karani akaanza kuhema na kuniomba radhi za miaka arobaini, pamoja na mambo ambayo sikuwa nimeyajua.

Saa nane ikafika. Chini, mlinzi wa jengo akawasha televisheni yake, na muziki wa tamthilia ukapanda kwenye lile shimo la lifti, laini, kama dhihaka. Sehemu ambayo tajiri anaamka! Nikagonga ukuta. Nikapaza sauti. Mlinzi akadhani naomba msaada, akajibu kwamba fundi ameshaitwa. Nikamwuliza tajiri ana hali gani.

"Amefumbua macho, mzee!"

"Amesema nini?"

"Subiri kwanza... anamwangalia mkewe... Yarabi! Hamjui! Anamwita nesi!"

Karani akasema kumbukumbu zinapotea ovyo sana katika tamthilia. Nikamwambia anyamaze, mahali pale hapakuwa na nafasi ya kutosha kwa ujinga.

Saa nane na dakika arobaini, chuma kikaingia baina ya milango, na sauti ikasema, "Shikamooni wazee. Msiogope, sogeeni nyuma." Alikuwa yeye. Uso wake ukatokea juu, usawa wa vichwa vyetu, umepakwa grisi. Aliponiona hakucheka. Nami sikuweza kujizuia tena. Nikamwuliza, nikiwa bado shimoni, kwa nini hakumpigania binti yangu.

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji ni maji.

"Mwalimu, si wewe uliyenisomesha? Nilikuwa na miaka tisa, nimekaa karibu na dirisha. Ulituambia mkubwa akishasema hapana, mtu mwenye adabu hurudi nyumbani. Nikarudi."

Sikumkumbuka. Nimesomesha mamia. Lakini somo lile nalifahamu, ni langu, na nililitoa vizuri kupita kiasi.

Akatuvuta mmoja mmoja. Kisha akasema ni vyema tumeonana, aniage. Jumatatu saa mbili asubuhi anapanda basi. Amekubali kazi ya kufunga lifti za hospitali mpya katika mji mwingine. Miaka mitatu.

Jumapili, 8 Septemba

Safari! Hatimaye!

Mimi na Karani tumeafikiana kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane. Tamthilia na filamu, zote mbili, husema jambo moja: mtu akiondoka, lazima akimbiliwe. Tumehitilafiana tu kuhusu viatu. Yeye anataka binti yangu akimbie peku. Mimi nimesema kituo cha mabasi kina vigae vilivyovunjika, na mimi ni mzazi.

Nimemwambia binti yangu awe kituoni kesho kabla ya saa mbili. Ameniuliza kwa nini. Nikasema ataelewa akifika. Akajibu, bila kuniangalia, kwamba kesho yuko kazini, na kwamba wiki hii amekwisha kuelewa vya kutosha. Nina hakika ataghairi. Wote hughairi.

Mke wangu ametoka tangu Adhuhuri, amevaa nguo yake ya kwendea kwenye mambo mazito. Hakuniaga. Pengine kuna mgonjwa.

Jumatatu, 9 Septemba

Tulifika kituoni saa moja na nusu. Karani alikuwa na jukumu la kulichelewesha basi, akalitimiza kwa kumhoji kondakta juu ya kila sharti lililoandikwa nyuma ya tiketi. Alilishikilia dakika ishirini. Halikuwa lenyewe. Abiria walimtukana kwa umoja.

"Mzee, kama huna safari tupishe!"

Basi lenyewe lilikuwa limeondoka wakati huohuo, nyuma yetu. Binti yangu hakuja, wala peku wala na viatu. Nilisimama katika vumbi lile. Miaka mitatu. Nilimwona akilini binti yangu akiwa na miaka thelathini na mbili, anakata vioo, hasemi nami.

Nikarudi nyumbani kwa miguu.

Sebuleni, kwenye kiti cha karibu na mlango, alikuwa amekaa kijana. Kando yake mama yake. Mke wangu anamimina chai. Kumbe jana hakwenda kwa mgonjwa, alikwenda kwa huyo mama. Kijana akasimama, akaniamkia. Mke wangu hakuweka birika chini.

"Wamekuja kusikia jibu, baba watoto. Jibu ni ndiyo."

Nikafungua kinywa.

"Ni ndiyo," akarudia. "Na ndoa ni Ijumaa ya wiki ijayo, maana safari ameisogeza. Wataondoka wote wawili."

Nikasema ndiyo. Nilikuwa nikitaka kuisema tangu Jumatatu iliyopita, ila si kwa namna ile.

Binti yangu alikuja mapumziko ya mchana. Nikamkalisha, nikamfunulia yote tangu mwanzo: nia njema, daktari, lifti, kituo. Nilingoja machozi ya shukrani. Alivua miwani yake.

"Baba," akasema, "unajua kwa nini nilimpenda? Siku ile watu sita walikuwa mbele yake, na wa saba akamruka. Hakugomba. Akasubiri. Nikasema moyoni, na huyu nitakaa naye." Akafuta miwani yake kwa ncha ya mtandio. "Wiki nzima nimelia, nikidhani umemwona na aibu nisiyoijua mimi. Ungeniuliza tu."

Nilikuwa karibu kumjibu. Nilikuwa na neno, na lilikuwa neno zuri. Saa ikagonga nane.

Ijumaa, 20 Septemba

Ndoa imefungwa. Nimemwozesha mwenyewe, sauti haikutetemeka ila mahali pamoja. Mchana huohuo wameondoka, mabegi mawili na sanduku la vyuma vya kazi. Nyumba imekuwa pana.

Mke wangu anasema imefungika licha yangu. Karani anasema ni lifti. Wote wamekosea. Posa ile ingepokelewa siku ya kwanza, wangekuwa na nini cha kukumbuka? Foleni! Mimi nimewapa machozi, uvumi, mshindani, safari na kurejea. Sehemu kumi na tisa kamili kwa siku kumi na tisa. Sijutii hata moja, na nikiposewa mjukuu nitakataa vilevile.

Jambo moja linanikosesha utulivu. Tamthilia haiishii kwenye ndoa. Wasiotikiswa katika miezi mitatu ya mwanzo huchokana, nimeliona mara nyingi. Watahitaji mtikisiko mdogo, safi, usio na haramu ndani yake. Anwani yao mpya ninayo. Nimeanza barua isiyo na jina, kwa mkono wa kushoto: "Ewe mume mpya, mimi ni mtu usiyemjua, na ninayo siri kuhusu mkeo."

Siri lazima iwe ya kweli, kwani sisemi uongo, na isimdhuru mtu. Nimefikiri tangu Alasiri. Kufikia sasa nimepata moja tu: akilalia ubavu wa kushoto, hukoroma.

Nadhani inatosha kuanzia.