Koti la Mahafali na Vidonge vya Shangazi

Jumatatu, 3 Machi

Nimesema uongo mbele ya watu tisa. Kikao cha familia, sebuleni. Baba Mdogo, mwenyekiti wa kujiteua, aliuliza suala la Shangazi limefikia wapi. Nikainuka. (Hakuna aliyeniomba niinuke.) Nikatangaza kwamba wakili amekwisha kupatikana, tena wakili mashuhuri, mtu ambaye mimi na yeye tunafahamiana. Makofi! Shangazi naye akajaribu kupiga makofi. Viganja vyake vikapishana.

Kwa ajili ya kumbukumbu, ukweli ni huu. Shangazi ni fundi cherehani. Mapema mwaka jana aliandikiwa vidonge vya maumivu ya mgongo. Akavimeza wiki saba, asubuhi na jioni, kama alivyoelekezwa. Mgongo ukatulia. Vidole vikafa ganzi. Siku moja sindano ya cherehani ilipita katika kidole chake naye akaendelea kushona, hadi Binamu, bintiye, alipoona damu kwenye kitambaa na kupiga ukelele. Hospitali wakathibitisha kuwa ni dawa ile. Baadaye likatoka tangazo kwamba baadhi ya matoleo yake yameondolewa madukani. Cherehani imefunikwa shuka tangu hapo.

Wiki sita zilizopita Shangazi alinikabidhi mfuko wenye karatasi na maboksi ya dawa, akasema, baba, wewe ndiye uliyesoma, nitafutie wakili. Nikasema kesho. Mfuko uko chini ya kitanda changu. Ni cherehani hiyo iliyonisomesha hadi nikapata Shahada ya Mawasiliano ya Umma. Nimeisoma sentensi hiyo mara mbili na uso umenishuka mara mbili.

Kuhusu wakili mashuhuri: alipata kuja chuoni kutoa mhadhara. Nilimpa kipaza sauti. Akaniambia, "Asante, kijana." Huo ndio ufahamiano wetu.

Mkakati ninao. Ofisi itakayoletewa shauri zito namna hii na kijana mwenye lugha iliyonyooka haitakosa kumuuliza kijana huyo anafanya kazi wapi. Hafanyi popote! Hapo ndipo watakapomvutia kiti.

Jumanne, 4 Machi

Nimeufungua mfuko. Aibu tupu. Cheti cha daktari kina doa la mafuta ya cherehani. Barua ya hospitali, ya tarehe 14 Machi mwaka jana, imekunjwa mara nane. Maboksi yamebonyea, tena moja halina kifuniko. Limekatwa kwa mkasi, sijui kwa nini. Na daftari la Shangazi mwenyewe, kwa penseli: "Leo vidole vimelala." "Leo nimevunja kikombe cha tatu." "Leo nimeshindwa kufunga kifungo cha gauni, binti amenifunga."

Mtu hawezi kumpelekea wakili vitu vya namna hii.

Nimeshinda steshenari kuanzia saa tatu asubuhi. Nimechapa kila kitu upya. "Vidole vimelala" sasa inasomeka: "Mlalamikaji alikumbwa na upungufu endelevu wa hisia katika ncha za vidole vya mikono yote miwili." Vikombe nimevifuta, havina hadhi. Kurasa thelathini na moja, jalada la buluu, jina langu chini kulia. Nimeambatanisha wasifu wangu mbele, kwa urahisi wa rejea.

Vya zamani nimevichoma nyuma ya nyumba pamoja na majani makavu. Binamu, ambaye hufanya kazi ya kusuka nywele barazani, akauliza kwa sauti ninachoma nini, Msomi. Nikasema taka za masomo. Akasema basi moshi wake unanuka kama duka la dawa. Wateja wakacheka.

Jumatano, 5 Machi

Kwa wakili mashuhuri. Nilivaa koti la suti alilonishonea Shangazi kwa ajili ya mahafali. Alilishona katika wiki ya tano ya vidonge. Mkono wa kulia ni kazi ya bingwa. Wa kushoto umepinda kwa nyuma, kama unaoomba kitu kisirisiri, na mshono wake unapanda na kushuka. Siku zote huuficha mgongoni.

Dada wa mapokezi akauliza kama nimevunjika mkono. Nikamweleza kuwa ni mkao tu. Akaomba kadi yangu. Nikatumbukiza vidole mfuko wa ndani kwa kujiamini kukubwa na kumkabidhi kipande cha kadibodi kilichozungushiwa uzi wa buluu! Kiliwekwa humo na Shangazi, uzi wa akiba, kama mafundi wanavyofanya. Dada akakigeuza upande huu na huu. Akaniuliza nimekuja kushtaki au kudarizi. Nikakipokonya na kukirudisha mfukoni. Masikio yangu yaliwaka moto.

Wakili alitoka, akafungua jalada, akasoma wasifu wangu hadi mwisho, akasema hawana nafasi ya kazi. Nikamfafanulia kuwa ni shauri la madhara ya dawa. Akasema yeye hushughulikia ardhi na makampuni tu, dawa haijui. Akanirudishia jalada. "Asante, kijana."

Shangazi alikuwa akinisubiri mlangoni. Nilimwambia kwamba mazungumzo yamefungua ukurasa. Akanishika mkono kwa shukrani, lakini hakujua amenishika kwa nguvu kiasi gani. Huwa hajui siku hizi. Iliuma. Nilistahili.

Alhamisi, 6 Machi

Wakili wa pili ana ofisi ghorofani, juu ya duka la viatu. Bango lake linasema anashughulikia talaka, mipaka, ajali, urithi, dawa na "mengineyo". Akaniita mwanasheria mwenzangu. Nikaketi wima. Akaapa kwamba tutashinda kabla sijamaliza kushuka ngazi zake. Jalada hakulifungua. Akanisogezea hati ya makubaliano nitie saini kwa niaba ya Shangazi. Kalamu nilikuwa nayo mkononi.

Mlango ukafunguka. Binamu, na kitana kingali kimechomekwa nywelani! Alikuwa amenifuata tangu nyumbani. Akamwamkia wakili kwa adabu, shikamoo, halafu akamuuliza ameendesha mashauri mangapi ya dawa. Wakili akaangalia dari. Binamu akauliza ni nani atakayemlipia mgonjwa daktari wa kutoa ushahidi. Wakili akaangalia dirisha. Binamu akanivuta nje kwa ule mkono wa koti uliopinda, nikashuka ngazi zote nikivutwa, na muuza viatu akashuhudia.

Njiani alisema neno moja tu. Alisema, "Saini!" Akarudia hadi nyumbani.

Ijumaa, 7 Machi

Imebainika kwamba Binamu amekwisha kumpata wakili. Mwanamke anayesukwa barazani kwetu kila mwezi. Kazi yake ni watu walioumizwa na dawa na walioumia viwandani, basi. Miaka yote hii nampita barazani kichwa chake kikiwa magotini pa Binamu, nikidhani ni mwalimu wa chekechea. Nilihoji hadhi ya ofisi yake. Chumba kimoja, viti vitatu, hakuna mapokezi! Binamu akasema afadhali, sitapata mtu wa kumpa uzi. (Habari zimemfikiaje?)

Amepanga tukutane Jumatatu. Na amekuja na jambo lililonikausha mate. Muda wa kufungua shauri la aina hii ni mwaka mmoja tangu mgonjwa alipoambiwa chanzo cha madhara yake. Barua ya hospitali ni ya tarehe 14 Machi. Zimebaki siku saba. Baada ya hapo, mlango umefungwa; Shangazi hapati matibabu ya mikono wala fidia, hata awe na haki kiasi gani.

Wiki sita chini ya kitanda.

Shangazi akasema asilaumiwe mtu, mambo makubwa yanataka utulivu, na mtoto amefika mbali. Natamani angenitukana.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeamua kujirekebisha. Hatua ya kwanza ni koti. Mtu hawezi kuiwakilisha familia akiwa na mkono mmoja unaotazama nyuma. Nimelipeleka kwa fundi wa njia panda aufumue mkono wa kushoto na kuushona upya. Amesema atalianza Jumatatu alasiri. Shangazi hajui. Nimepita na koti dirishani pake likiwa ndani ya gazeti, kama mwizi wa samaki.

Jumatatu, 10 Machi

Sijui nianzie wapi. Nitaanzia kwenye koti la Baba Mdogo, ambalo ndilo nililovaa, na ambalo tungeweza kuingia wawili.

Wakili aliifungua kazi yangu. Akasifu jalada. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Akasema vizuri, sasa tuone vitu halisi. Nikakohoa. Akasema karatasi zenyewe, daftari lenyewe, maboksi. Hasa maboksi, kwa sababu namba ya toleo hupigwa kwenye kifuniko, na bila namba hiyo kampuni itasema vidonge vya mama huyu havikuwa miongoni mwa vile vilivyoondolewa. Nikasema vimehifadhiwa katika mfumo mbadala. Akauliza mfumo gani.

Nikasema moto.

Binamu akapiga paja. "Taka za masomo!" Wakili akavua miwani. Nilimwangalia Shangazi kwa sababu hapakuwa na pengine pa kuangalia. Hakukasirika. Aliuliza taratibu, "Hata daftari langu, baba?"

Sijawahi kuulizwa swali refu kuliko hilo.

Wakili akahesabu kilichobaki. Hospitali itatoa nakala ya barua. Duka la dawa lina kitabu cha waliopewa dawa. Lakini namba ya toleo hakuna, na hakuna kinachoonyesha jinsi mikono ilivyokuwa ikiharibika wakati ule. Akamuuliza Shangazi kama kuna nguo yoyote aliyoishona kipindi cha vidonge, ambayo haijarekebishwa. Shangazi akatabasamu, akasema ipo moja, koti la huyu, mkono wa kushoto ulimkataa, hata akaona haya kumkabidhi. Akasema tena, mbona hata kifuniko cha boksi kimo humo! Vifuniko vya vidonge vile ni vigumu, hukata kimoja akazungushia uzi wa akiba, na wa buluu aliuweka mfuko wa ndani.

Wote wakanigeukia, mimi na koti la Baba Mdogo.

Nilisimama bila kuaga. Nimekimbia barabara nne nikiwa nimeshika suruali, nayo ya Baba Mdogo, isinidondoke. Nikamkuta fundi ameketi, koti mapajani, wembe mkononi! Nikapiga kelele ambayo msomi hapaswi kuipiga.

Hakuwa amekata. Alisema amelikodolea macho tangu saa nane. Alisema mshono wa kulia anaujua, ni wa Shangazi, ndiye aliyemfundisha kazi. Huu wa kushoto ni wa mtu asiyeisikia sindano. Akauliza mama anaumwa nini, na kwa nini hakuna aliyemwambia. Mezani palikuwa na kipande cha kadibodi. Uzi alikuwa ameutumia nusu kwa kujaribu rangi. Chini ya uzi, tarakimu sita na herufi moja, zimepigwa wazi.

Nilitembea na namba hiyo mfukoni. Nilimpa dada wa mapokezi akaishika mkononi. Nikaipokonya.

Jumatano, 12 Machi

Wakili ametaka daftari liandikwe upya kwa kumbukumbu, huku ikisemwa wazi kwamba la kwanza limeungua na nani aliliunguza. Shangazi hawezi kushika penseli kwa muda mrefu. Niliandika mimi, yeye akisema. Binamu alisimama nyuma yangu na kitana.

"Vidole vimelala," akasema Shangazi. Nikaandika vimelala. Kalamu ilitaka kuongeza kitu. Kitana kikagusa kisogo changu. Nikaviandika vikombe vyote, na gauni, na kifungo. Tulipofika kwenye koti akasema niandike kwamba usiku wa kuamkia mahafali aliufumua mkono ule mara tatu, akilia, kwa sababu alitaka nipendeze.

Niliomba ruhusa ya kwenda kunywa maji. Sikunywa maji.

Ijumaa, 14 Machi

Shauri lilipokelewa mahakamani jana, siku moja kabla ya mlango kufungwa! Koti limebaki kwa wakili kama kielelezo, na kadibodi yake. Nilimuuliza wakili, kwa heshima, kama ofisi yake ina nafasi. Akasema siku atakapohitaji kitu kuchomwa ataniita.

Hata hivyo ameniamini kidogo. Amenipa stakabadhi ya mahakama, ile yenyewe, nimpelekee Shangazi aihifadhi hadi siku ya kusikilizwa. Alinitazama machoni akasema mara mbili, "Usiiguse." Nimemwahidi. Mtu niliyekuwa wiki iliyopita simjui kabisa. Nimekomaa.

Nimeiangalia tu. Muhuri umepigwa kombo. Karani ameandika jina la Shangazi kama nyayo za kuku, na pembeni ameacha alama ya gumba lake. Baada ya yote aliyoyapitia, Shangazi anastahili hati yenye hadhi. Nimepita steshenari mara moja. Imetoka safi, herufi zimesimama, muhuri upo katikati kabisa, jalada la kijani.

Ile ya karani itawachanganya watu bure ikibaki.

Binamu anauliza kutoka barazani nani amechukua kiberiti cha jikoni. Nimemjibu asijali, ni taka za masomo.