Mimi na Maziwa ya Buenos Aires

Jumamosi, 31 Mei

Mimi nilizaliwa na bahati kichwani kama wengine wanavyozaliwa na nywele. Leo imethibitishwa tena! Binti yangu Eve anamaliza shule hapa Uswidi Alhamisi. Ana akina baba wawili: mimi niliyemzaa, na Augustino aliyemwoa mama yake, Muthoni, baada ya mimi kuachwa. Na kati yetu sisi wawili, nani kachaguliwa kutengeneza kitu kitamu cha sherehe? Mimi! Gitonga wa mtaa wa Hagsätra! Augustino na achemshe maji.

Kitu chenyewe kinaitwa dulce de leche. Ni maziwa na sukari tu, vinapikwa taratibu mpaka vinageuka kahawia na kuwa vizito vya kupaka. Eve alikula hiyo kila asubuhi mwaka jana alipokuwa Ajentina kwa ule mpango wa kubadilishana wanafunzi, na tangu arudi haimtoki mdomoni. Nikamwambia kwenye simu kwamba hiyo nimeila mimi bandarini Buenos Aires kabla yeye hajazaliwa, enzi zangu za ubaharia. Kisha akasema, "Jaha, pappa." Mimi namsemesha Kiswahili, yeye ananijibu Kiswidi. Mshangao huo, bila shaka.

Akaongeza habari za saa sita mchana, mbele ya shule, wanafunzi wanapotoka mbio na kofia zao nyeupe za kuhitimu. Nikamwambia hayo ni madogo. Baba yako hachelewi. Treni ndizo huchelewa.

Huyu Augustino ni Mhaya wa Bukoba, mhandisi wa lifti. Kiswahili chake kimepigwa pasi. Ananiita "kaka yangu Gitonga" na kuniuliza afya kama mtu anayetaka kweli kujua. Sasa mtu kama huyo utamgombeza kwa lipi? Hata kumchukia kunachosha.

Jumapili, 1 Juni

Kutoka ibadani, moja kwa moja jikoni. Sufuria kubwa, maziwa, sukari. Kukoroga tu! Kazi ya watoto.

Obedi, jirani yangu Mkongomani, alikuja kunisaidia kwa kukaa kitini. Tukaanza kubishana habari za mpira. Mkono ukawa unakoroga wenyewe huku mdomo ukifanya kazi yake, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Maziwa yakapanda. Sasa mkono wa mtu aliyelelewa Nyeri ukiona maziwa na sukari vinapanda pamoja kwenye sufuria, haungoji ruhusa ya kichwa. Nashtukia majani ya chai yameshaingia. Na tangawizi!

Obedi alinusa, akachota kikombe, akaonja. Akasema, mon frère, ndugu yangu, chai yako ni nzuri sana ila ina sukari ya harusi tatu. Akachota kingine. Nikaona haya kumwacha anywe peke yake. Tulipokuwa tunakunywa, iliyobaki ikafurika juu ya jiko, moto mmoja ukatoa mlio kama paka aliyekanyagwa, ukazima. Haujawaka tena.

Jumatatu, 2 Juni

Mtu mwenye akili hapigani na sufuria. Hutafuta njia ya mkato.

Nikapanda treni hadi Norsborg, mwisho kabisa wa reli, kwa mama mmoja wa Chile mwenye duka la vyakula vya kwao. Akanipa siri. Unachukua mkebe wa maziwa mazito yenye sukari, huufungui, unauchemsha majini masaa matatu. Maji yaufunike wakati wote. Ukishaiva, usiuguse kabla haujapoa kabisa. Na usiende mbali na jiko, akasema, akaniangalia sana.

Kosa langu lilikuwa kumwambia kwamba niliwahi kuishi Buenos Aires. Mama wa watu alifurahi! Akanimwagia Kihispania kama mvua ya masika. Nikajibu sí, ndiyo. Akauliza kitu kingine, nikajibu sí. Mara macho yake yakalainika, akafanya ishara ya msalaba, akanishika bega. Nafikiri nilikubali kwamba nimefiwa na mke. Akanipa andazi la bure. Nimelila ndani ya treni, andazi la mgane, na Muthoni yuko mzima Hallonbergen, anapika na kucheka.

Nyuma yake rafuni kulikuwa na chupa zimejaa kitu cha kahawia. Sikuziuliza habari. Mpishi haangalii vilivyopikwa na wengine.

Nimerudi na mikebe mitano.

Jumanne, 3 Juni

Laiti siku hii ningeilala yote.

Jiko langu limebaki na moto mmoja dhaifu. Masaa matatu ya kukaa hapo kuangalia maji, nani anaweza? Ndipo wazo likanijia, zuri mpaka nikacheka peke yangu. Tvättstuga! Chumba cha kufulia cha jengo letu, kule chini. Mashine zake zinafika joto la tisini. Maji yanafunika, mlango unajifunga, na umeme ni wa mwenye nyumba. Nikaivingirisha ile mikebe kwa taulo, nikaitia ndani kama watoto wachanga.

Obedi akanikumbusha kwamba mashine hiyo, kando na kuchemsha, pia inazunguka. Nikamwambia asinifundishe mambo ya mashine. Yeye ana digrii ya Lubumbashi, mimi niliishia kidato cha pili, lakini ni nani kati yetu aliyezunguka dunia?

Basi ikazunguka.

Mlio wake ulikuwa kama ng'ombe ameingia kwenye duka la mabati. Nikavuta mlango. Umejifunga! Nikabonyeza kila kitufe. Ikaongeza kasi! Taulo zikafunguka, na nyuma ya kile kioo cha mviringo nikaona maziwa yakipita, mkebe, maziwa, mkebe, maziwa. Kisha moshi kidogo. Kisha kimya.

Nikageuka, na Bibi Gunilla wa ghorofa ya pili amesimama pale na kapu la mapazia meupe. Zamu iliyofuata ilikuwa yake. Katika jengo letu mtu anaweza kusamehewa ulevi na talaka, lakini zamu ya kufua ni kitu kitakatifu. Hakupiga kelele. Aliangalia kioo, akaniangalia mimi, akasema, "Jaha."

Neno lile lile la Eve. Nikatambua kwamba pengine si la mshangao.

Mashine imekufa. Fundi hawezi kuja mpaka sikukuu ya taifa ya Ijumaa ipite, na jengo zima sasa linanukia maziwa na sabuni. Nilijisikia mdogo kama punje ya mtama. Nikamnyang'anya Gunilla kapu lake, nikayatia mapazia kwenye bafu langu, nikakunja suruali na kuyakanyaga kwa miguu kama mama alivyokuwa akifua mablanketi. Gunilla akaleta kiti, akakaa mlangoni kuyalinda. Polepole akaanza kuongea. Mapazia alishona mwenyewe. Mumewe alipokufa watu waliacha kuja kwa kahawa, akaona ni ujinga kuendelea kupanga vikombe viwili.

Moyo wangu! Nikamwalika kwenye sherehe ya Eve hapo hapo. Sherehe inafanyika nyumbani kwa Muthoni na Augustino. Nitawajulisha nikipata nafasi. Na Obedi pia nimemwalika, maana alikuwa amesimama karibu.

Jumatano, 4 Juni

Mikebe miwili ilitoka hai, imebonyea lakini haikutoboka. Nani alisema sina bahati?

Leo nilifuata sheria. Sufuria, maji, ule moto mmoja, na mimi kitini kama askari wa lango. Masaa matatu na zaidi! Kisha nikafungua wa kwanza ungali wa moto. Kidogo tu, kuchungulia.

Ulinirukia. Hapana, ulinigusa shavu tu, ukaenda darini. Obedi alilala chali sakafuni kuangalia lile doa, akasema ni ramani ya Kongo kabisa, hata mto unaonekana. Mimi sikucheka. Shavu langu lina lengelenge.

Wa pili nikauacha upoe. Nilizunguka meza kama mtu anayengoja mtoto azaliwe. Nikafungua. Ee Mungu! Rangi ya udongo wa kwetu mvua ikishanyesha. Laini, inang'aa, kijiko kinasimama chenyewe. Mimi, kwa mikono yangu hii! Nusura nilie.

Nikaonja kidogo, kuhakikisha. Nikampelekea Gunilla bakuli, kwa ajili ya mashine na vile vikombe viwili. Obedi akaonja kwa mkate. Nikaonja tena, maana ya kwanza niliionja kwa wasiwasi. Tukaanza kukumbuka vyakula vya nyumbani, yeye vya Lubumbashi, mimi vya mama, na kila kumbukumbu ikaondoka na kijiko chake. Mara nikasikia chuma kinakwaruza chuma.

Nimekula zawadi ya mwanangu.

Obedi aliondoka bila kuaga. Nimekaa hapa na mkebe mtupu, chini ya Kongo. Sina mkebe mwingine. Lakini zile chupa za rafuni Norsborg! Kesho duka likifunguliwa tu, nachukua moja, nahamishia kwenye chupa yangu ya jemu, karatasi naitupa. Nani atajua? Saa sita iko mbali.

Alhamisi, 5 Juni

Yule mama alinikumbatia. Akauliza habari za marehemu. Utamwachaje mtu anayekulilia msiba wako? Alinikalisha, akanipa chai, tukamwombea Muthoni apumzike kwa amani. Kisha treni ikasimama katikati ya vituo, ikakaa, ikafikiri. Nikahamishia kile kitu cha dukani kwenye chupa yangu hapo hapo kitini, na abiria wote wakiangalia madirisha kwa adabu.

Nilipofika shuleni walikuwa wameshatoka. Wameshakimbia, wameshapiga kelele, wameshavishwa maua shingoni. Malori yenye matawi ya mti wa mbetula yalikuwa yakipita na vijana wanacheza juu. Hapa kila familia huinua ubao wenye picha ya mtoto wao akiwa mdogo, ili akitoka awaone watu wake. Wa Eve ulikuwa mikononi mwa Augustino. Picha naijua. Eve ana miezi tisa, amevaa kofia ya sufu, amekaa mapajani mwangu. Wameikata ili itoshe ubao. Mimi sipo, isipokuwa mkono wangu, unamshika tumboni asianguke.

Mkono huo ulifika kwa wakati.

Eve alinikumbatia, akasema ingen fara, hakuna neno. Hakulia. Afadhali angelia. Augustino akasema, "Pole na safari, kaka yangu. Karibu, twende nyumbani." Hata lawama kidogo! Mchawi yule.

Hallonbergen nilimkuta Gunilla ameshafika kabla yangu, ana sahani ya pilau, na Muthoni anamwuliza kama angeongezewa. Obedi alikuwa na sahani mbili. Nikaweka chupa yangu katikati ya meza. Eve akachovya kijiko, akalamba. Akaacha kusogea. Akaniinamia sikioni, akasema polepole kwa Kiswidi kwamba ile familia aliyokaa nayo Ajentina ilinunua hii hii, chupa moja kila wiki.

Muthoni akauliza kwa sauti yake ile, ile ya mahakamani siku ya talaka, "Haya, na hii nani amepika?"

Na Eve, ambaye Kiswahili humtoka kama jino, akajibu mbele ya watu wote: "Baba alipika. Baba yangu."

Wakapiga makofi. Obedi alipiga kuliko wote, naye anajua kila kitu.

Nikakimbilia friji, eti natafuta soda. Nyuma ya maziwa kulikuwa na bakuli limefunikwa. Kahawia. Limejaa. Augustino akanikuta nimelishika. Alinong'ona. Akasema walipika na Eve Ijumaa iliyopita, wakakoroga kwa zamu mpaka bega likauma. Jumamosi, baada ya kuongea nami kwenye simu, Eve aliomba lifichwe.

"Alitaka yako ndiyo ikae mezani, kaka."

Nilichovya kidole. Nikamwambia haikuiva sawasawa.

Ilikuwa imeiva. Ilikuwa bora kuliko ya duka, na bora kuliko ile niliyoila mimi.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Shavu linapona. Dari bado. Gunilla alikuja kwa kahawa, akaleta vikombe vyake viwili, akasema Kongo inahitaji rangi nyeupe.

Mchana nikampigia Eve. Akipata nafasi ya chuo Göteborg anahama Agosti. Nikamwambia asisumbuke na mizigo, yote ni juu yangu. Niliwahi kuwa na kampuni ya malori Mombasa. Lori atatoa Obedi. Obedi hana lori, lakini hakosi kumjua mtu. Eve akasema Augustino ameshapanga gari. Nikamwambia amwambie alifute. Kitanda nitakibeba mwenyewe, na meza nitaichonga, useremala nilijifunza kwa Mtaliano mmoja mjini Napoli.

Akajibu:

"Jaha, pappa."

Napoli sijafika. Buenos Aires pia. Na ile bahati ya Jumamosi ya kwanza ni uongo. Eve hakunichagua. Alitaja tu kwamba dulce de leche itakuwepo, mimi nikaidandia kabla hajamaliza sentensi. Alikuwa amepiga simu kuniomba kitu kimoja, nifike saa sita.