Mwarabu wa Picha na Rashid wa Kahawa

Jumamosi, 1 Novemba 1947. Changamwe.

Leo nimefumbuka macho. Nimekwenda mjini kwa baiskeli, sinema, onyesho la saa tisa. Picha ya Waarabu wa jangwani. Ajabu! Sheikh mmoja, macho makali, kilemba mpaka kwenye nyusi, anamwona binti wa watu mara moja tu, anamtupa juu ya farasi, huyo! Hapana aliyeposa. Hapana aliyeulizwa. Nilijikuta nimeishika kofia ya bwana aliyekaa mbele yangu, akanitukana.

Uso wa sheikh ulikuwa wa rangi ya kahawia lakini shingo nyeupe kabisa. Nadhani kilemba humkinga na jua.

Niliporudi nikakaa barazani kwa jirani yangu Rashid, muuza kahawa, kama kila jioni. Nilikuwa katikati ya kikombe wazo liliponijia. Rashid ni Mwarabu! Mshihiri wa Uarabuni kusini, aliletwa Mombasa akiwa na miaka sita. Mwaka wa saba huu cherehani yangu na dele lake la kahawa viko ukuta kwa ukuta, na sikuwahi kulifikiria jambo hili hata siku moja. Nikamwuliza farasi wake yuko wapi. Akasema hajapata kupanda hata punda. Nikamjaribu kwa maneno mawili ya Kiarabu niliyoyashika kwenye picha. Akasema hicho si Kiarabu.

Anaficha.

Jumatatu, 3 Novemba.

Balaa! Leo baada ya alasiri nimemwona Rashid, kanzu imepigwa pasi, kofia ya viua, akiingia kwa Mzee Lewa. Mzee Lewa ni mwalimu wa dini kanisani kwetu. Pia ni baba yake Pascalia. Pascalia! Ninayetaka kumwoa tangu Pasaka. Nilimweleza Mjomba Katana wa Port Reitz mwezi wa nane, akaniambia nikae kimya nishone nguo za watu. Kuposa ni kazi ya wazee, na kwetu mwenye kutaka mke haulizi nani katumwa wala lini. Jibu likipatikana ataitwa. Basi nimekaa kimya miezi mitatu. Kimya kimeniponza!

Pascalia alimtolea Rashid kiti. Akacheka. Kwa muuza kahawa! Rashid alikaa nusu saa, na alipotoka alikuwa anatabasamu peke yake. Nilijua tabasamu lile, nililiona Jumamosi kwenye kitambaa cha sinema.

Nimeshona mfuko wa suruali ya karani wa reli kwa nje. Lazima nifumue.

Jumatano, 5 Novemba.

Nimepata mpango. Safi kabisa, hauna dhambi. Asubuhi nilikwenda bombani, anapouza maandazi Kahaso, mwanamke ambaye neno likiingia sikioni mwake halilali humo. Sikusema uongo hata kidogo. Nilisimulia picha tu, mwanzo mpaka mwisho, halafu nikanyamaza, nikatazama upande wa baraza ya Rashid. Nikahema.

Adhuhuri habari ilinirudia mwenyewe, imenona. Eti Rashid ana hema Jomvu. Eti ana wake wanne hemani, wote wa kuibwa. Watoto wamejifunga mataulo vichwani, wanakimbizana na kutekana njia nzima. Akina mama wanawaita binti zao ndani Rashid akipita na vikombe vyake.

Jioni mtu mmoja alimwuliza Rashid upanga wake ameuweka wapi. Maskini, ili kumwonyesha kwamba hana, akaingia ndani akatoka na kisu cha kukatia kashata, akasema chuma alicho nacho ni hiki tu. Baraza nzima ilitawanyika. Kiatu kimoja kimeachwa.

Ijumaa, 7 Novemba.

Ushindi! Mzee Lewa amempelekea Rashid salamu kwamba asikanyage tena kwake mpaka maneno haya yaeleweke.

Barazani hapana mtu. Dele limepoa. Mimi nimekunywa vikombe vitano, maana nani mwingine wa kuvinywa? Rashid alikaa kando yangu, akaitazama njia. Watu aliowauzia kahawa tangu kabla ya vita walikuwa wakivuka kwenda upande wa pili, kwenye matope, wasipite mbele yake. Akaniuliza, "Ngowa, mimi nimewafanya nini watu hawa?"

Nikamjibu kwamba dunia imebadilika. Nilijisikia vibaya kidogo, sitaki kusema uongo katika daftari langu. Kisha nikamkumbuka Pascalia akitoa kile kiti, nikapona.

Jumapili, 9 Novemba.

Nimekwisha.

Mjomba Katana amekuja kutoka Port Reitz kwa miguu, kwa hasira, bila kofia. Nikamwamkia, hakuitikia. Alisimama mlangoni pangu akasema, "Rashid ndiye mshenga wako, mpumbavu wee!"

Nikamwomba arudie. Akarudia, na la mpumbavu akaliongezea. Habari ya bombani imeenea pamoja na jina langu: Kahaso hakulala nalo.

Kumbe Mjomba alitafuta mtu ambaye Mzee Lewa hawezi kumkatalia. Mwaka ule wa kuogopa mabomu ya Wataliani, Rashid na Mzee Lewa walichimba handaki moja nyuma ya kanisa, wakawaficha watoto wao pamoja. Tangu siku hizo Mzee Lewa haamini mdomo wa mtu yeyote kama anavyouamini wa Rashid. Mara ya kwanza Rashid alikwenda akanisifu. Jumatatu alikwenda mara ya pili, akanisifu tena, ndipo Pascalia akacheka, maana Rashid alisema mimi ni mtulivu na sina maneno mengi. Ijumaa angekwenda kuchukua jibu. Jibu lilikuwa ndiyo!

Sasa Mzee Lewa anasema, kama mshenga ni mtu wa namna ile, mposaji mwenyewe atakuwa wa namna gani?

Nimelala kifudifudi kwenye kitambaa cha mteja.

Jumanne, 11 Novemba.

Nimepata mpango mwingine. Watu wakimwona Rashid anamwogopa ngamia, nani atamwita tena Mwarabu wa jangwani? Nimekwenda Jomvu Kuu kwa Mwinyihaji, mwenye kinu cha kushindika mafuta ya ufuta, kumwazima ngamia wake anayezungusha kinu. Mwinyihaji akaniuliza shida yangu, nikamweleza. Akaniambia babu yake mzaa mama alitoka Maskati, je, yeye nimemweka kundi gani? Nikamwambia asijali, wa kwenye picha ni wengine. Akaingia kinuni. Ngamia akanipa.

Ngamia wa kinu hufungwa kitambaa machoni asipate kizunguzungu. Mimi sikukifungua, nikidhani ni pambo. Njia nzima alikwenda vizuri. Tulipofika uwanjani kwa Mzee Lewa, nikapiga kelele watu waje waone, na ngamia alipohisi amesimama mahali pa wazi, akaanza kazi anayoijua. Akazunguka. Jiko la nje la Mzee Lewa likawa ndilo kinu. Mimi nikawa na kamba mkononi, nikizunguka naye, muhogo unakanyagwa, kuku wanaruka. Mzunguko wa kwanza nilicheka. Wa nne niliita mama.

Rashid alitoka barazani kwake mbio kuja kunisaidia. Alipomwona ngamia kwa karibu, akapanda mpapai. Kutoka huko juu akawa anapaza sauti kwamba mnyama yule hamtaki yeye wala mimi, kwa rehema ya Mungu mtu ashushwe! Ni Pascalia aliyekwenda, akamngoja azunguke, akamvua kitambaa. Ngamia akasimama palepale.

Changamwe nzima ilicheka hadi ikakaa chini. Walimshusha Rashid mpapaini, wakamfuta kanzu, wakarudi naye barazani kunywa kahawa. Mpango umefaulu!

Lakini Rashid alinivuta kando kabla ya kwenda. Hakunigombeza. Aliniambia, "Nilikuwa jirani yako, Ngowa. Juzi ukanifanya jambazi, leo umenifanya kichekesho. Wallahi, nataka kujua lini nitarudi kuwa Rashid."

Nikaukumbatia mpapai. Nilikuwa bado nina kizunguzungu.

Alhamisi, 13 Novemba.

Rashid ni mtu wa ajabu. Amekwenda kwa Mzee Lewa tena, kwa ajili yangu! Amesema kazi ya ushenga aliyopewa haachi njiani, na kwamba mimi moyoni si mbaya, ila kichwa kimelegea. Mzee Lewa akampa kiti kilekile.

Sharti limetoka kwa Pascalia mwenyewe. Jumamosi jioni, barazani, mbele ya watu, niseme hivi: niliamini picha nikamwacha jirani, na nilikosa. Basi. Nikisema hayo, jibu ni ndiyo.

Sentensi moja! Nimejizoeza kuisema mara arobaini mbele ya cherehani. Moyo wangu umejaa. Nampenda Pascalia, na nilipomwona jana akipita na ndoo yake akaniangalia bila kununa, nililia kidogo.

Jumamosi, 15 Novemba.

Hasira imenishika siwezi hata kushika kalamu vizuri.

Asubuhi nilikwenda mjini kununua tai ya kuombea msamaha. Nikaipata mapema. Nilikuwa na muda. Onyesho la saa tisa.

Picha ya msitu wa Afrika. Watu weusi, wengi, mifupa puani, wanacheza ngoma kuzunguka chungu, na ndani ya chungu mna Mzungu mzima na kofia yake! Wanaongea vilio tu. Nilisimama juu ya kiti. Nikauliza kwa sauti ni kabila gani hili. Nikatolewa.

Nimeendesha baiskeli kutoka mjini mpaka barazani bila kushuka. Watu wamejaa, Mzee Lewa yupo, Pascalia yupo kando ya baba yake na kanga mpya. Sikuweza kujizuia. Nikawaeleza yote! Uongo, matusi, fitina! Waliotengeneza picha ile hawajakanyaga Changamwe, hawajamwuliza mtu hata mmoja! Na kesho mtu mzima huko kwao akiniona atashika mtoto wake akimbie! Nilisema kama saa nzima. Nikamwuliza Rashid kama mimi nafanana na mtu wa kumpika mwenzake.

Rashid akanimiminia kahawa. Akasema sifanani. Halafu akaniuliza taratibu, "Na ile ya Waarabu, Ngowa?"

Nikawajibu kwa haki kabisa. Nikasema ile ni tofauti. Ile waliipiga kulekule jangwani, mchanga nimeuona.

Pascalia akainuka, akajifunga kanga, akaondoka. Mzee Lewa akamfuata. Na sentensi yangu nilikuwa bado sijaifikia!

Nimefikiri sana, nimepata sababu. Pascalia lazima ameiona picha ya msituni, akaiamini. Wanawake huamini kila wanachoonyeshwa. Kesho nitamtuma Rashid akamweleze. Waarabu wanawajua wanawake. Nimeona kwa macho yangu.