Namba Isiyo Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Nimezuiwa. Na binti yangu wa kumzaa!

Niandike kwa utaratibu, maana hasira hula vituo. Binti yuko mji mwingine, mwaka wa pili sasa, anajifunza ufinyanzi. Ana ukurasa wake mtandaoni. Anarusha video za mikono yake ikizungusha udongo, maelfu wanatazama, baadhi wananunua. Mimi, baba yake, msaga lenzi katika duka la miwani, nilikuwa mtazamaji wa kwanza kabisa. Kila video niliacha neno. "Umekula?" "Kaa wima, mgongo huo!" "Udongo uwahi ungali maji." Hili la mwisho niliandika mara nyingi, kwa kuwa lina hekima.

Wiki iliyopita mtu mmoja akaandika kwamba bakuli la binti limeinama. Nikamjibu kuwa kilichoinama ni shingo yake. Ningejuaje kuwa ni mwenye hoteli, anatafuta vyombo vya ukumbi mzima?

Binti akapiga simu. Hakufoka, na hapo ndipo paliponiuma. Alisema ananipenda, lakini pale ni kazini kwake, na yeye hajawahi kuja kusimama nyuma ya mashine yangu aniulize mbele ya wateja kama nimekula. Kisha akafunga mlango. Na mtandao wenyewe unamtambua mtu kwa namba ya simu: nikifungua ukurasa mwingine kwa namba yangu, nao unagonga ukuta.

Nikimpigia kumuuliza habari, anasema, "Salama, baba." Salama gani? Salama ni nyumba yenye vyumba vingi.

Mke wangu hunionyesha video moja kila jioni, simu kaishika mwenyewe kwa mikono miwili. Leo, kabla hajaivuta, nimeona. Chini ya video, mtu anayejiita Kifaru Mstaafu ameandika: "Kipenzi, leo mikono yako inaongea." Picha yake ni kifaru kweli, aliyepigwa kwa ubavu. Binti amemjibu kwa moyo mwekundu.

Nani huyu Kifaru? Amestaafu nini? Nimemuuliza mke wangu. Amesema wafuasi wa mtoto ni wengi, yeye hawezi kujua ukoo wa kila mmoja. Amesema hivyo huku anatazama dari.

Lazima nijue. Nahitaji namba isiyo yangu.

Jumanne, 4 Machi

Laini mpya haifai. Inasajiliwa kwa kitambulisho na alama za vidole, na muuza laini wa mtaa wetu ni shemeji yangu. Siri ukimpa asubuhi, adhuhuri inakurudia imenenepa.

Lakini nimegundua jambo la ajabu! Kuna tovuti zinazogawa namba za simu bure. Huhitaji simu, huhitaji jina. Unachagua namba, unaiandika pale mtandao unapokuuliza, halafu ujumbe wenye namba ya kuthibitisha unatokea kwenye tovuti hiyohiyo. Dunia ina watu werevu.

Tatizo ni kwamba namba moja inatumiwa na umati, na kila mtu anaona ujumbe wa kila mtu. Sikujua kama nitapendezwa kiasi hicho. Mmoja alikuwa anakumbushwa kwenda kung'oa jino. Mwingine amepewa habari kuwa mzigo wake umefika, sanduku limelowa. Mwingine ameandikiwa, "Ufunguo nimeuweka palepale." Palepale wapi? Nilisubiri jibu. Nilipokumbuka ujumbe wangu, ulikuwa umekwisha muda.

Nikaomba tena. Namba hii imeshatumika. Nikachukua nyingine. Imeshatumika. Ile ya mwisho kwenye orodha ikakubali! Nikajiita Raia Mwema. Nikaingia ukurasa wa binti, nikaona jagi, jagi zuri lenye shingo ndefu, nikataka kusogeza chini kumtafuta Kifaru.

Nikatolewa. Ghafla tu, kama mgeni aliyekosea harusi.

Nimechunguza, nimeelewa. Mtu mwingine mwenye namba ileile ya bure ameomba ujumbe, akaingia, akabadilisha neno la siri. Mlango usio na mwenyewe huingia kila mtu. Raia Mwema sasa anauza viatu vya mtumba na anawatukana wateja.

Alhamisi, 6 Machi

Simu ya mezani! Nilikuwa wapi siku zote? Dukani kwetu kuna simu ya mezani, ni namba halali, haina jina langu. Na mtandao unasema kama huwezi kupokea ujumbe, utapigiwa na kusomewa.

Dosari moja. Mkonga wake umekufa zamani, kwa hiyo inasikika kwa spika tu.

Daktari wa macho, mwenye duka, alikuwa anampima mteja upande wa pili wa pazia. Ubao wetu wa kupimia macho ni wa tarakimu. Nikaomba simu, ikalia, nikabonyeza spika huku nimeifunika kwa kitambaa cha kufutia lenzi. Sauti ya mwanamke wa mashine ikaanza, kubwa, yenye heshima zote: saba... mbili...

Nyuma ya pazia mteja akasema tisa, au labda sita.

Nikaandika saba, mbili, tisa. Nikafuta. Sauti ikasema nne. Mteja akasema tatu hii ina mkia. Nilipoingiza nilichoandika, mtandao ukasema si sahihi. Nikaomba tena. Mara hii mteja, maskini, alichanganyikiwa na yeye akaanza kufuatisha simu. Daktari akatoka nje ya pazia, uso umemshuka. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama niliwahi kuona mtu anayesoma tarakimu ambazo ubaoni hazipo. Nikasema sijawahi. Amempa mteja miadi mingine na barua ya kwenda hospitali kubwa.

Nilipokosea mara ya tatu mtandao ukanifungia. Yule mwanamke akamalizia kwa kutangazia duka zima kwamba namba hii asipewe mtu yeyote.

Daktari akauliza nani huyo. Nikasema ni wakala mpya wa lenzi, ana taratibu zake. Ameniambia akipiga tena nimuulize kama anazo zisizokwaruzika.

Jumamosi, 8 Machi

Makubwa leo! Niandike tangu mwanzo.

Nilimfikiria mama mkwe. Anaishi mtaa wa pili, peke yake, mwanamke mnyoofu, miaka mingi alikuwa msimamizi wa bweni la wasichana. Simu anayo. Nilijiaminisha kwamba anaitumia kupiga na kupokea tu. Niazime namba yake kwa dakika moja, nipokee ujumbe, nifute, nani atajua?

Nikaenda na kichupa cha dawa ya kusafishia miwani. Nikamwamkia kwa unyenyekevu wote, nikasafisha miwani yake mpaka ikalia, kisha nikamwambia naomba na simu nimkuzie herufi. Akanitazama.

"Mkwe, tangu lini unayajali macho yangu?"

Nikasema macho ya mama mkwe wangu ni macho yangu.

"Basi yatumie vizuri," akasema, akanipa simu.

Nikaomba kwenda msalani. Nikaketi, simu yake goti moja, yangu goti jingine. Nikaingiza namba yake kwenye yangu. Ujumbe ukalia kwake. Nikanakili, nikafuta. Nikabonyeza.

"Karibu tena, Kifaru Mstaafu."

Nilikaa pale muda gani sijui. Mama mkwe! Kifaru! Na maneno yote yale matamu, kwa miezi, chini ya kila video! Nilisoma mengi kadiri nilivyoweza. Anajua majina ya udongo. Anajua siku tanuri lilipopasuka, jambo ambalo mimi niliambiwa ni salama. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa mtaa wa pili.

Juu kabisa palikuwa na ujumbe wa faragha. Sikupaswa kuufungua. Niliufungua. Binti ameandika: "Bibi, yule mwenye hoteli amekubali kuja karakana Jumanne asubuhi. Nitarusha mubashara. Baba asijue mpaka iishe. Akijua atanitakia heri mbele ya watu mpaka nilie."

Mpaka alie. Kilio cha aina gani? Nimeusoma tena na tena, haukusema.

Mama mkwe akagonga mlango. Alidhani tumbo limenichafuka. Nilipotoka amenipa dawa ya majani, chungu mfano hakuna. Nikainywa yote. Ningesema nini?

Ukurasa wa Kifaru bado uko wazi kwenye simu yangu. Nitaufunga kesho.

Jumapili, 9 Machi

Sijaufunga. Lakini sijaandika neno. Kutazama si kosa. Hata mwezi unatazama.

Jumanne, 11 Machi

Daktari alikuwa na wateja. Mimi nilijikunja nyuma ya mashine ya kusagia, simu nimeiegemeza kwenye kopo la maji, sauti chini. Niliapa kutazama tu.

Akatokea. Uso wake wote, si mikono peke yake! Aproni imechakaa, udongo kwenye sikio. Amekuwa mtu mzima na mimi sikuarifiwa. Mwenye hoteli ni mrefu, na lazima nikiri kuwa shingo yake haina kasoro. Akauliza chombo kikivunjika itakuwaje. Binti akamwambia kila chombo anakiangusha mwenyewe kwanza, kutoka kimo cha meza, na kinachovunjika hauzi. Akachukua kikombe, akakiachia. Kikagota sakafuni, kikabingirika, kizima. Nilitaka kupiga makofi! Nilijiuma ulimi.

Kisha akaketi kwenye gurudumu kumwonyesha anavyofinyanga. Akainama. Akainama zaidi. Mgongo ukawa upinde wa mshale. Ataumia! Akifika miaka arobaini atatembea akitazama vidole vya miguu! Vidole vyangu vina akili zao. Viliandika: "Kaa wima, mwanangu! Umekula?"

Vikatuma.

Gurudumu likasimama. Binti akasogea kwenye kioo, akasoma, akafinya macho.

"Bibi haniulizi kama nimekula," akasema taratibu. "Bibi anajua sijala."

Akafuta mikono kwenye aproni.

"Baba. Toka kwenye ukurasa wa bibi."

Mamia ya watu! Vicheko vikamiminika chini ya video kama mvua ya mawe. Mwenye hoteli akainama, uso wake ukajaa kioo kizima, akasema, "Shikamoo, mzee. Shingo yangu imepona." Nikaitikia marahaba. Peke yangu, nyuma ya mashine.

Ndipo nikasikia mlio. Lenzi ya mteja ilikuwa bado inasagwa. Imebaki kama kifungo cha shati. Daktari alikuwa amesimama nyuma yangu, sijui tangu lini. Ameniuliza kama huyo ndiye wakala wa lenzi.

Jumatano, 12 Machi

Siku ya hukumu.

Mke wangu alijua habari ya Kifaru tangu mwanzo. Ndiye aliyemchagulia mama yake ile picha. Hakunigombeza. Aliniwekea chakula, akaketi kuniangalia nikila, akaniuliza baada ya kila tonge: "Umekula?"

Mama mkwe alifika mwenyewe, kwa miguu. Alisema wasichana wa bweni walijaribu kila hila, kuruka ukuta, kujifanya wagonjwa, kuvaa shuka, lakini hakuna aliyewahi kumnyang'anya jina lake. Nikajaribu kusema niliazima tu. Akasema kuazima huombwa. Hapo nilikosa pa kuweka mikono. Nilimwomba radhi, na sikuomba kwa mdomo tu. Alikubali. Kisha akaniamuru nirudishe herufi za simu yake zilivyokuwa, maana nimezikuza hadi kioo kinabeba neno moja.

Mwisho akapiga binti. Nilijiandaa kwa mvua. Alikuwa anacheka, anajizuia, anacheka tena. Mwenye hoteli ameagiza vikombe vya ukumbi mzima. Mabakuli bado anafikiria. Sikuuliza kwa nini.

Nikamuuliza lile lililonikaa kooni: atalia kilio gani?

Kicheko kikakatika. Ndipo nikatambua nimejifunga mwenyewe. Ule ulikuwa ujumbe wa faragha. Akasema, kwa sauti nyingine kabisa, kwamba hilo la kusoma barua za watu halikumchekesha. Nikasema najua. Nikasema samahani, na nikaacha hapohapo, bila methali.

Ndipo akasema, "Cha mchanganyiko, baba. Ndiyo maana nilikufungia. Ukiniuliza kama nimekula, nakumbuka nyumbani, na udongo haungoji mtu afute machozi."

Nilimpa mke wangu simu, nikaenda kunawa uso.

Amenifungulia mlango. Sharti ni moja: nitazame, nisiandike. Hata herufi moja. Nimeapa kwa sauti, mke wangu na mama mkwe ni mashahidi.

Ijumaa, 14 Machi

Mtu mpya. Nimetazama jana, nimetazama leo, sijaandika hata nukta. Kumbe raha ya mtu ni kujua kidogo na kunyamaza. Nimejifunza.

Saa tano asubuhi binti ameweka video mpya. Sahani ya samawati, pana, ukingo mwembamba kama ukucha. Ni kazi yake bora kuliko zote, na nazungumza kama mtu anayefahamu kingo. Nikasubiri watu waseme.

Hakuna aliyesema.

Saa sita, kimya. Nikampigia mama mkwe, nikamuuliza habari za afya, nikapitia kwenye hali ya hewa, nikafika kwenye sahani. Amesema anapumzika mpaka jioni, Kifaru naye ana umri. Saa saba, kimya. Sahani ile, na maoni sufuri! Mtoto atadhani nini? Hapo mtu aulize swali tu, la kawaida, la mtu asiyemjua: rangi hii inapatikanaje? Mimi mwenyewe nataka kujua. Kwa kweli inapatikanaje?

Kiapo ni kiapo. Mimi sitaandika.

Lakini nimekumbuka kwamba daktari ana laini ya pili ambayo haitumii, na simu yenye laini hiyo huiacha kaunta anapopima macho. Sasa hivi ameingia na familia ya watu sita nyuma ya pazia. Sitamficha, nitamweleza baadaye, nikipata nafasi nzuri. Jina nimeshachagua: Twiga Mgeni.

Na Twiga hajamwapia mtu.